Hakuna sauti moja sahihi ya klarineti

Wapo walimu wa muziki wanaoshikilia kwamba klarineti ina sauti moja tu iliyo sahihi, na kwamba sauti hiyo hutoka katika ala ya mti mweusi iliyoundwa Ufaransa. Mwanafunzi mwenye ala ya plastiki huambiwa mapema asitarajie makubwa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchunguza sauti za lugha, naona dai hili halina mashiko. Isitoshe, linawavunja moyo vijana.

Tuanze na mti wenyewe. Klarineti nyingi za bei ya juu huchongwa kwa mpingo, mti ule ule ambao Wamakonde huchongea vinyago, na ambao humea Tanzania na Msumbiji. Mpingo ni mgumu, mzito na hukubali kutobolewa kwa usahihi mkubwa. Ndiyo maana mafundi wanaupenda. Je, huo ndio uletao utamu wa sauti? Mnamo 1964 mwanafizikia wa Marekani, John Backus, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba athari ya kile kilichoundiwa mwili wa ala ni ndogo mno. Kinachovuma ni hewa iliyomo ndani ya bomba, wala si ukuta wa bomba. Muhimu zaidi ni umbo la uwazi wa ndani, jinsi matundu yalivyokatwa, kipande cha mdomoni na ulimi wa tete.

Mwanaisimu hashangazwi na hayo. Irabu 'a' na 'i' hutofautiana kwa sababu ulimi na midomo hubadilisha umbo la kinywa, ilhali nyuzi za sauti ni zile zile. Mpuliza klarineti naye huja na kinywa chake na sikio lake. Ndiyo sababu wapulizaji wawili hodari wakibadilishana ala, aghalabu kila mmoja huendelea kusikika kama alivyo.

Historia nayo yathibitisha kwamba ladha ni nyingi. Mjini Paris, Hyacinthe Klosé na fundi Louis-Auguste Buffet walibuni mpangilio mpya wa vibonyezo, wakauonyesha hadharani mwaka 1839. Huo ndio unaotumiwa na wengi duniani leo. Hata hivyo, okestra kubwa za Berlin na Vienna zingali zinashikilia ala za mapokeo ya Kijerumani, ambazo wapenzi wake huzisifu kwa sauti nzito na tulivu. Huko New Orleans, magwiji wa jazi kama Johnny Dodds walipendelea mfumo wa Albert, uliokuwa umeanza kuachwa kwingineko. Waturuki nao hupenda klarineti ndefu ya G, mara nyingi ya chuma, inayolia kama mtu aombolezaye. Nani kati yao amekosea?

Swali hilo ni sawa na kuuliza kama lafudhi sahihi ni ya Mvita, ya Unguja au ya bara. Lafudhi hupimwa kwa jamii inayoitumia na kwa ufasaha wa msemaji. Atakayemdharau mtoto kwa lafudhi ya nyumbani kwao atamfanya anyamaze, na aliyenyamaza hafundishiki.

Sisemi kwamba ala zote ni sawa. Ala inayovujisha hewa humtesa hata bingwa. Lakini kabla ya mzazi kukopa fedha ili anunue ala ya mpingo, mwalimu na akague vifuniko vya matundu, abadilishe ulimi uliochakaa, na atafute kipande bora cha mdomoni. Kisha awasikilizishe wanafunzi Wajerumani, Wafaransa na Waturuki, awaulize ni sauti ipi inayowagusa na kwa nini. Vivyo hivyo, waamuzi wa tamasha za shule wapime pumzi, usahihi wa noti na maana inayowasilishwa, wala wasipime rangi ya mti.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kazi ya mwalimu ni kuuimarisha ubawa huo, si kuuliza ulinunuliwa wapi.