Moyo unadunda, ubongo umekufa: Je, mgonjwa yu hai?

HEBU fikiria jambo hili. Ndugu yako amehusika katika ajali ya pikipiki. Anakimbizwa hospitalini, analazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi na kuunganishwa na mashine ya kupumulia. Siku ya tatu daktari anawaita kando na kuwaambia kwamba ubongo wake umekufa. Mnarudi kitandani kumtazama. Kifua kinapanda na kushuka. Mkono wake una joto. Mapigo ya moyo yanaonekana kwenye mashine. Ndipo mama anapouliza: "Mtu anayepumua hivi atakuwaje maiti?"

Swali la mama huyu ni la haki. Madaktari, wanasheria na viongozi wa dini wamelijadili kwa zaidi ya nusu karne, na hawajakubaliana kwa kila jambo. Ni vyema tulichambue sasa tukiwa na utulivu, kwa sababu familia inayokutana nalo kwa mara ya kwanza kando ya kitanda aghalabu huwa haina nafasi ya kulielewa.

Mashine ilivyobadilisha mambo

Tangu jadi, mtu alihesabiwa kuwa amekufa pumzi yake ilipokatika na moyo wake kusimama. Moyo, mapafu na ubongo hutegemeana, na kimoja kikifa vingine hufuata baada ya dakika chache. Mashine za kupumulia, zilizoanza kuenea hospitalini katika miaka ya 1950, ndizo zilizovunja uhusiano huo.

Moyo una sehemu yake maalumu inayotoa umeme wa kuufanya udunde. Hauhitaji amri ya ubongo kwa kila pigo. Ukipata hewa ya oksijeni utaendelea kwa muda. Kupumua ni tofauti. Amri ya kuvuta pumzi hutoka katika shina la ubongo, yaani ile sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo. Shina hilo likifa, mtu hawezi tena kupumua. Pumzi mnayoiona ni ya mashine.

Mnamo 1959 madaktari wawili wa Paris, Pierre Mollaret na Maurice Goulon, walieleza habari za wagonjwa 23 waliokuwa katika hali hiyo. Mwaka wa 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, iliyoongozwa na Dkt Henry Beecher, ilipendekeza hali hiyo ihesabiwe kuwa kifo. Uingereza ilitoa mwongozo wake mwaka wa 1976, na mnamo 1981 ukatolewa mfano wa sheria kwa majimbo ya Marekani. Hata hivyo, nchi hizi mbili hazisemi jambo moja. Sheria ya Marekani inataka ubongo wote, pamoja na shina lake, uwe umekoma kufanya kazi pasipo kurudi. Waingereza hutosheka na kufa kwa shina.

Ubongo hufaje?

Chanzo huwa ni jeraha kubwa la kichwa, mshipa kupasuka ndani ya ubongo kwa sababu ya shinikizo la damu, au kukosa hewa, mathalani kwa mtu aliyezama majini. Ubongo ulioumia huvimba. Kiungo kingine kikivimba hupata nafasi ya kutanuka, lakini ubongo umefungiwa ndani ya fuvu gumu. Shinikizo hupanda hadi damu ishindwe kuingia. Ubongo usiopata damu huanza kufa katika muda wa dakika chache, na ukishakufa hauoti upya.

Usichanganye na koma

Hapa ndipo wengi hukosea. Mgonjwa aliye katika koma amepoteza fahamu, lakini ubongo wake ungali hai na huenda akazinduka. Kuna pia wagonjwa ambao hufungua macho, hulala na kuamka, na hupumua wenyewe bila kuonyesha kuwa wanajitambua. Hao nao ni watu hai. Aliyekufa ubongo hana lolote kati ya hayo.

Basi ukisikia hadithi ya mtu aliyelala miezi mingi kisha akaamka na kuomba uji, fahamu kwamba hiyo ilikuwa koma, au kifo cha ubongo kilitangazwa bila kupimwa ipasavyo. Katika maandishi ya kitaalamu, hajulikani mtu mzima aliyepimwa kwa kufuata kanuni zote, akapatikana amekufa ubongo, kisha akapona.

Vipimo vyenyewe

Kwanza ni lazima chanzo kijulikane. Kisha daktari ahakikishe hakuna kitu kingine kinachoweza kuiga kifo: dawa za usingizi zilizobaki mwilini, sumu, au mwili kuwa baridi mno. Ndiyo maana upimaji hauwezi kufanywa kwa pupa.

Halafu shina la ubongo hupimwa. Mwangaza humulikwa machoni kuona kama mboni zitasinyaa. Jicho huguswa kuona kama litapepesa. Maji baridi hutiwa sikioni kuona kama macho yatasogea. Koo na njia ya hewa huguswa kuona kama mgonjwa atakohoa.

Mwisho ni kipimo cha pumzi. Mgonjwa hupewa oksijeni lakini mashine huacha kumpumulia kwa dakika kadhaa, huku gesi ya kaboni ikiongezeka katika damu. Gesi hiyo ndiyo humlazimisha kiumbe hai kuvuta pumzi. Ikifikia kiwango kilichowekwa na kifua kisisogee hata kidogo, jibu limepatikana.

Jambo moja huwatia jamaa hofu. Mkono au mguu wa mtu aliyekufa ubongo unaweza kushtuka, hata mikono ikainuka kifuani. Mwendo huo hutoka katika uti wa mgongo, si katika ubongo. Si dalili ya kurudi.

Mabishano yako wapi?

La kwanza ni kuhusu viungo. Mnamo Desemba 3, 1967, Dkt Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza duniani, jijini Cape Town. Ripoti ya Harvard ilitoka miezi minane tu baadaye. Wapo wanaouliza: je, kifo kilifafanuliwa upya kwa ajili ya aliyekufa, au kwa ajili ya anayengoja moyo wake? Nchini Japan, upandikizaji wa moyo uliofanywa mwaka wa 1968 ulizusha shaka iwapo mtoaji alikuwa amekufa kweli, na daktari akachunguzwa ingawa hakufikishwa mahakamani. Wajapani hawakupandikiza tena moyo wa aina hiyo hadi 1999, baada ya sheria kupitishwa 1997. Kutokana na shaka kama hizi, kanuni inasema kwamba daktari anayethibitisha kifo asiwe katika kundi linalopandikiza viungo.

La pili ni la kitaalamu. Baadhi ya waliokufa ubongo bado hutoa homoni fulani kutoka sehemu ndogo ya ubongo. Wajawazito kadhaa wamewekwa katika mashine hadi mtoto akazaliwa salama. Wapinzani huuliza: mwili unaolea mimba utaitwaje maiti? Wanaounga mkono hujibu kwamba viungo kuendelea kufanya kazi kwa msaada si sawa na mtu kuwa hai.

La tatu ni la imani. Mnamo 1986 wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Amman chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu walikubali kifo cha ubongo kuwa kifo. Mwaka uliofuata baraza jingine, huko Makka, liliruhusu mashine iondolewe lakini likasema hukumu ya kifo ingoje moyo usimame. Kwa upande wa Wakatoliki, Papa Pius XII alisema mwaka wa 1957 kwamba mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida kurefusha uhai, na mwaka wa 2000 Papa John Paul II alikubali kipimo cha ubongo iwapo kinafuatwa barabara. Huko New Jersey, Marekani, sheria huiruhusu familia kukataa kipimo hicho kwa sababu za dini.

Utagundua, msomaji, kwamba ubishi huu wote haugusi jambo moja. Wanaobishana hawasemi kwamba mgonjwa huyo atazinduka. Wanabishania jina la hali aliyomo.

Mkifikwa na hali hii

Ulizeni chanzo kimejulikana au la, na kama dawa za usingizi zimeisha mwilini. Ulizeni ni madaktari wangapi waliopima, na kama vipimo vyote vilikamilika. Ombeni mmoja wenu aruhusiwe kushuhudia kipimo cha pumzi. Wengi waliokiona huridhika kuliko kwa maelezo ya daktari. Wakizungumza nanyi kuhusu kutoa viungo, hayo yawe mazungumzo mengine, baada ya kifo kuthibitishwa, nanyi mna haki ya kukubali au kukataa. Mwiteni imamu, padri au mchungaji wenu akae nanyi.

Kuhusu gharama, gharama zisiwaharakishe kukubali kabla ya vipimo kukamilika. Vikikamilika na jibu likawa wazi, msiuze shamba kulipia pumzi ya mashine. Waliobaki nyumbani watahitaji kula na kusoma.

Na yule mama? Mimi humjibu hivi: "Mama, mwanao hapumui. Mashine ndiyo inayopumua. Tulimpa nafasi ya kuvuta pumzi moja, hakuvuta." Kuiondoa mashine baada ya hapo si kumuua. Ni kukubali kwamba amekwisha kwenda.