Mwezi Hauogopi Taa za Mbagala

Kutoka Mbagala hadi Tegeta, taa za barabarani, za maduka na za vituo vya mafuta zimemeza nyota hafifu karibu zote. Mwezi na sayari haziguswi: mwanga wake una nguvu, taa za mtaani haziuwezi. Mwenye darubini ndogo uani kwake Dar es Salaam aanzie huko.

Darubini ya milimita 70 na simu ya mkononi vinatosha. Simu hufungwa kwa kishikizi kwenye tundu la kuchungulia, kamera ikikaa katikati ya kioo. Ikishikwa kwa mkono, mtetemo kidogo tu na mwezi umeshatoka kwenye skrini. Kisha mwanga wa kamera unapunguzwa mpaka mashimo ya mwezi yajitokeze, maana bila hivyo picha hutoka sahani nyeupe tupu. Kamera ipangwe ijipige yenyewe baada ya sekunde 3, kwa kuwa hata kidole kinachobonyeza hutikisa darubini.

Ajabu ni kwamba mwezi mpevu ndio mbaya kuliko yote. Jua huupiga usoni moja kwa moja na vivuli vinapotea. Mwezi wa siku 7 hivi, nusu yake ikiwa gizani, ndio wenye picha: kwenye mpaka wa mwanga na giza kingo za mashimo hutupa vivuli virefu.

Wauzaji hupenda kujisifia ukuzaji wa mara 300, hata 500. Hesabu ya kawaida ni mara 2 kwa kila milimita ya upana wa lenzi, hivyo ya milimita 70 inaishia 140. Zaidi ya hapo unakuza ukungu. Fedha hizo heri zinunue stendi imara.

Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Mshtarii na Zohali hupanda juu sana, ambako hewa ya kupenya ni nyembamba. Ila kwa anayetaka nyota hafifu, mahali hapohapo panamtesa. Anga huonekana kuzunguka nyuzi 15 kila saa, na mtambo wa kuifuata sharti uelekezwe kwenye ncha yake. Ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, nyuma ya miembe na kuta za majirani. Njia rahisi ni kupiga picha nyingi za sekunde chache, kisha programu ya bure kama Siril izipange moja juu ya nyingine.

Juni hadi Agosti, masika yakishapita, ndio msimu wa kutazama anga. Darubini isielekezwe juu ya paa la mabati lililochomwa na jua mchana kutwa, maana joto linalopanda huichezesha picha. Na unyevu wa pwani huotesha kuvu kwenye lenzi: ihifadhiwe kavu, ndani ya boksi lenye vifuko vya silika.

Jua ni habari nyingine. Septemba 1, 2016, watu walifurika Rujewa, Mbeya, kulitazama likibaki pete lilipopatwa na mwezi. Darubini isiyo na kichujio huunguza retina, na retina haina neva za maumivu, hivyo mtu huumia bila kujua. Kichujio kinakaa mbele ya darubini. Vile vidogo vya kwenye tundu la kuchungulia hupasuka kwa joto. Jumatatu, Agosti 2, 2027, mchana, mwezi utalimega jua likitazamwa kutoka Dar es Salaam. Halitafunikwa lote, kwa hiyo kichujio hakitatolewa hata dakika moja.