Mpangaji Naye Ana Haki

Usiku wa Jumatano iliyopita, mvua ilinikuta nikisahihisha insha za wanafunzi wangu. Kabla sijaleta sufuria ya kukinga maji, madaftari 7 yalikuwa yamelowa chepechepe na wino umetapakaa. Asubuhi niliingia darasani nikiwa sina la kuwaambia wenyewe.

Paa hilo limekuwa likivuja tangu Machi. Choo ni kimoja kwa familia 12, na mfereji hutoa maji mara mbili tu kwa juma. Nimemwarifu mwenye nyumba mara nne. Jibu lake ni lile lile: "Mwalimu, ukiona hapakufai, hama." Hata hivyo, ifikapo tarehe 5 hakosi mlangoni pangu kudai kodi.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na usafi wa kuridhisha. Sheria ya kudhibiti kodi nayo iliunda baraza la kusikiliza malalamiko ya wapangaji, lakini ikajifunga kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Mimi nilipaye Sh6,000 kwa chumba kimoja Kayole nahesabiwa tajiri asiyehitaji kinga!

Bunge halina budi kukiondoa kikomo hicho. Nasi wapangaji tudai risiti, na malalamiko yetu tuyaweke kwa maandishi. Wahenga walituonya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Swali langu ni hili: ukuta huo ukianguka, utamwangukia nani?