Koboko wa Kijani Ndani ya Kizimba Kimoja (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala hii ilieleza maisha ya koboko wa kijani katika misitu na mashamba ya mwambao, kuanzia pwani ya Kenya hadi Afrika Kusini. Leo ni zamu ya kizimba: nyoka hawa wa mitini, ambao wengi hukaribia mita 2 kwa urefu, huwekwaje pamoja bila kudhuriana na bila kumtia hatarini mtu anayewatunza?

Kazi hii haimhusu mtu anayetaka nyoka wa kupamba sebule. Nchini Kenya, kuweka mnyamapori hai bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na Tanzania inayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Wanaohusika ni watunzaji wa vituo kama Bio-Ken cha Watamu, kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, au bustani ya nyoka ya Meserani, nje kidogo ya Arusha.

Je, koboko wa kijani huvumiliana? Porini dalili zipo. C.J.P. Ionides, aliyeishi Liwale na kujulikana kwa jina la Bwana Nyoka hadi kifo chake mwaka 1968, aliwanasa kwa wingi huko Newala kutoka kwenye mikorosho na miembe. Katika baadhi ya maeneo ya pwani ya Kenya na kusini mwa Tanzania, wataalamu wamekadiria nyoka wawili hadi watatu kwa hekta moja, na iliwahi kutokea watano wakaonekana katika mti mmoja.

Hata hivyo, kukutwa mti mmoja hakumaanishi kwamba wanapendana. Utafiti uliofanyika Gede na kuchapishwa mwaka 1994 uliwafuatilia koboko wawili kwa siku 27, ikaonekana kwamba kwa wastani nyoka husogea mita chache tu kwa siku. Huyu ni mwindaji wa kuvizia. Akipata tagaa zuri, hutulia hapo akingoja ndege au panya apite. Anachotaka kwa wenzake ni kuachwa alipo.

Kwa hiyo kizimba cha pamoja hupangwa kwa kanuni moja: kila kilicho kizuri kizidi idadi ya nyoka. Nyoka wakiwa watatu, mahali pa kuotea joto pawe angalau pane, na maficho vivyo hivyo. Taa ya joto ikiwa moja, mwenye nguvu ataikalia kutwa nzima na mnyonge atabaki pembe yenye baridi. Nyoka aliyepoa hasagi chakula vizuri. Hutapika, hukonda, na mara nyingi mtunzaji hugundua akiwa amekwisha chelewa.

Kimo cha kizimba kisipungue mita 2. Matagaa yalazwe katika ngazi mbalimbali, yawe na unene wa kutosha kumbeba nyoka bila kupinda, na yafungwe kwa boliti ukutani. Majani mengi ni lazima, kwa kuwa koboko asiyejificha hana raha na hugonga pua kwenye kioo mpaka ijichubue. Lakini tagaa lolote lisifike mlangoni. Nafasi tupu ya nusu mita mbele ya mlango humpa mtunzaji muda wa kumwona nyoka anayekuja, naye koboko huja kwa kasi.

Joto la mchana liwe kati ya nyuzi 26 na 30, na sehemu za kuotea zipande kidogo zaidi. Watamu hilo halisumbui. Kizimba cha wavu chini ya kivuli kinatosha. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, usiku wa Julai huhitaji vyumba vya kuta na vipasha joto. Majani yanyunyiziwe maji asubuhi, maana nyoka wengi wa mitini hupenda kunywa matone yaliyoshika kwenye majani au kwenye ngozi yao wenyewe.

Madume ndio wenye matata. Msimu wa kupandana, madume wawili hujisokota shingo kwa shingo, kila mmoja akijaribu kukibana chini kichwa cha mwenzake, na mieleka hiyo huweza kuchukua saa kadhaa. Hawaumani. Porini aliyeshindwa huenda zake. Kizimbani hana pa kwenda, na huenda akasusia chakula. Ndiyo maana dume mmoja na majike wawili ni mpango salama zaidi.

Chakula nacho hakiliwi pamoja. Nyoka wawili wakimshika panya mmoja, kila mmoja kwa upande wake, midomo hukutana na mmoja anaweza kuanza kummeza mwenzake. Kila nyoka huingizwa katika kisanduku chake cha maficho, kilango chake cha kuteleza hufungwa kwa fimbo kutoka nje, naye hulishwa humo. Visanduku hivyo hivyo hutumika wakati wa kufanya usafi, bila mtu kulazimika kumshika nyoka.

Mgeni hukaa karantini miezi miwili au mitatu kabla ya kujumuishwa, ili kupe, utitiri na minyoo wasiwafikie wengine.

Na kila asubuhi, kabla ya kugusa kufuli, mtunzaji huhesabu vichwa. Mkia unaoning'inia kwenye majani hauhesabiki, kwa sababu hausemi kichwa kiko wapi. Hesabu isipotimia, mlango haufunguliwi. Hesabu ikitimia, huingia watunzaji wawili kupitia milango miwili ambayo haifunguliwi kwa pamoja, na dawa ya kukabili sumu ya koboko iwe karibu, pamoja na njia ya uhakika ya kumfikisha majeruhi hospitali yenye mashine ya kupumulia, kwa kuwa sumu hii huweza kulemaza misuli ya pumzi.

Sehemu ya tatu itahusu mayai: yanavyotagwa, yanavyoatamishwa kwa takriban wiki kumi, na sababu ya vifaranga kutenganishwa mara wanapoanguliwa.