Mguu Ukinaswa, Goti Huumia

Katika milima ya Bulongwa, wilayani Makete, vijana hucheza mpira hata udongo unapolowa na kushika viatu. Mchezaji hugeuka ghafla kumfuata mpinzani. Meno ya kiatu hubaki yamenasa ardhini, mwili huzunguka, na nguvu yote huishia gotini. Hapo ndipo kano zinazounganisha mifupa ya goti huweza kukatika.

Madhara ya namna hiyo yanajulikana sana katika nchi za baridi, ambako watu huteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Mchezo huo umekwisha kufika kwa jirani zetu: Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya, aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 2018, huko Korea Kusini.

Zamani mbao hizo zilifungwa kwa namna isiyoachia. Aliyeanguka alisokotwa na ubao wake mwenyewe hata mguu ukavunjika. Mwaka 1937 Hjalmar Hvam, mzaliwa wa Norway aliyeishi Marekani, alivunjika mguu, ndipo akabuni kishikizo kinachokiachia kiatu kinaposokotwa kupita kiasi. Siku hizi ukazo wa kishikizo hupangwa kwa kufuata uzito, urefu, umri na uzoefu wa mtumiaji.

Vishikizo hivyo vimepunguza sana kuvunjika kwa muundi. Lakini kano za goti bado hukatika, maana huweza kushindwa kabla kishikizo hakijafunguka. Kwa hiyo chombo peke yake hakitoshi. Misuli nayo haina budi kuzoezwa.

Ndugu mzazi, uwe Bulongwa, Njombe au Makambako, mwanao asivae viatu vyenye meno marefu kuliko uwanja unavyohitaji. Kabla ya mchezo na apashe mwili moto, achuchumae, asimame kwa mguu mmoja, na ajifunze kutua akiwa amekunja magoti, yasiingie ndani. Mazoezi ya FIFA yaitwayo 11+ huchukua dakika 20 hivi, wala hayadai vifaa vya gharama.

Goti likilia "pwa!" na kuvimba baada ya saa chache, mchezo na ukome. Lisivutwe wala kukandwa kwa nguvu. Liwekwe kitambaa cha maji baridi, mguu uinuliwe, kisha majeruhi apelekwe hospitali. Maumivu yakipoa mapema si dalili kwamba kano imepona. Anayerudi uwanjani kwa haraka huweza kuliharibu goti lake kwa maisha yote.