Je, Wajua? Ngozi Iliyofika kwenye Mkutano wa Bara

Je, wajua kwamba punda anayebeba viazi kwenye miteremko ya Lushoto alijadiliwa na wakuu wa nchi? Februari 2024, mjini Addis Ababa, Umoja wa Afrika ulipitisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Ngozi hiyo husafirishwa China, ikachemshwa kutengeneza ejiao, gundi inayouzwa kama dawa na kipodozi. (Kumchuna mnyama ili uso wa mtu ung'ae: hesabu ya ajabu.) Tanzania ilikuwa na machinjio Dodoma na Shinyanga, na serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022. Punda wakichinjwa kwa wingi, pengo lao halizibiki upesi, kwani hawazaliani kama kuku: jike hubeba mimba takriban miezi 12, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu.