KIJIJI KILICHOSIMAMA PALIPOKUWA NA ZIWA

Mgeni afikaye Middenbeemster, kijiji cha wakulima kaskazini ya mji wa Amsterdam katika nchi ya Uholanzi, huona barabara zilizonyoka, mifereji, na ng'ombe malishoni. Asipoambiwa hawezi kujua kwamba amesimama kiasi cha futi 11 chini ya usawa wa bahari, tena mahali ambapo zamani mashua zilitweka tanga.

Bonde hilo lote huitwa Beemster, nalo lilikuwa ziwa. Mawimbi yake yalimega kingo na kula mashamba ya jirani, na Amsterdam ulikuwa mji unaokua upesi na wenye haja kubwa ya chakula. Basi mwaka wa 1607 matajiri wa mji huo, mmoja wao mfanyabiashara Dirck van Os, walipata ruhusa ya kulikausha. Katika mafundi wao aliyesifika ni Jan Adriaanszoon Leeghwater, mjenzi wa vinu kutoka kijiji jirani cha De Rijp. Walilizungusha ziwa kwa mfereji na tuta, wakasimamisha vinu vya upepo zaidi ya 40. Kinu kimoja hakikuwa na nguvu za kuyapandisha maji hata juu ya tuta. Kwa hiyo vilipangwa kwa kufuatana, hiki kikichota na kukipokeza kile.

Mwaka wa 1610, kazi ikiwa imeendelea sana, dhoruba ilibomoa boma la bahari, na ziwa likajaa tena. Fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kuzama humo, na wengi wangaliacha. Hawa waliinua tuta lao wakaanza upya, hata mwaka wa 1612 sakafu ya ziwa ikaonekana. Ekari zaidi ya 17,000 zikapimwa na kukatwa katika miraba iliyo sawasawa. Wavuvi, bila shaka, hawakushangilia.

Baadaye wakulima waligeukia zaidi ng'ombe wa maziwa na jibini. Nyumba zao ni za namna ya peke yake: paa moja kubwa mfano wa piramidi, na chini yake watu, mifugo na majani makavu pamoja. Ile iitwayo De Eenhoorn, ya mwaka wa 1682, ingali imesimama.

Kanisa la kijiji lilianza kujengwa mwaka wa 1618, na mnara wake ukamalizika 1661. Mchoraji Carel Fabritius alizaliwa kijijini humo mwaka wa 1622. Katika nyumba ya mchungaji, ambayo baadaye ilifanywa makumbusho, aliishi mke wake Betje Wolff, mwandishi hodari, tangu 1759 hata 1777.

Vinu vile vya kukausha ziwa havipo tena. Katika karne ya 19 mashine za mvuke zilitwaa kazi yao, na hizo nazo zikaachia nafasi pampu za kisasa. Mwaka wa 1999 UNESCO iliandika Beemster katika orodha ya urithi wa dunia. Wenye ardhi wangali wakilipa kodi ya maji kwa baraza maalumu linalochaguliwa kwa kura, maana pampu zikisimama, ziwa litarudi.